Droni Kwenye Kijito cha Oraba

Jovia alikuwa Oraba, mji wa mpakani, kumtembelea rafiki yake Elena, na droni yake ilikuwa begini. Kwao Arua aliirusha kwa kibali, kujifurahisha tu, juu ya mechi za timu ya Onduparaka. Hapa hakuwa na nia ya kuitoa.

Walikuwa wakimenya mihogo, jirani alipofika mbio. Duku, baba yake Elena, hakuonekana. Mzee huyo alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kaya, akakimbia vita. Siku hizi alikuwa akisahau mambo mengi, na mara kwa mara alisema anakwenda nyumbani kuwafungulia mbuzi. Safari hii mtu alimwona akipita nyuma ya malori yaliyopanga foleni mpakani na kuingia kwenye nyasi, akielekea kijito cha mpaka.

"Dada, toa ndege yako," Elena alisema. "Nyasi iko refu. Kwa miguu sisi hapana ona yeye."

Jovia aliitoa, lakini kabla ya kuiwasha alifungua ramani ya anga kwenye simu. Ukanda wote wa mpaka ulikuwa mwekundu.

"Hapa hapana rusha bila ruhusa."

"Ruhusa ya nani? Baba yangu iko kule!"

"Kama askari naona kitu inaruka hapa, watapiga risasi. Ya huku ama ya kule. Na baba iko katikati."

Wakakimbia hadi kambi ya jeshi kando ya barabara. Sajini Kamisi aliigeuzageuza droni mikononi.

"Hii kitu ya kupiga picha ya kambi?"

"Hapana, afande. Ya kutafuta mzee."

Kamisi alimpigia mkubwa wake. Mtandao ukakatika. Akapiga tena. Elena alikuwa ameshika waya wa uzio. Hatimaye Kamisi alishusha simu.

"Mkubwa nakubali. Lakini mwisho ni kijito. Ikivuka, mimi nafunga wewe. Ngoja kwanza nipigie askari wa ng'ambo."

Droni ilipopaa, Jovia hakuondoa macho kwenye kioo cha rimoti. Nyasi, njia ya ng'ombe, nyasi tena, kisha miti ya kijito. Akaisimamisha hapo na kuinua kamera taratibu. Ng'ambo ya maji kulikuwa na shati jeupe. Mzee Duku alikuwa ameketi kwenye matope, mguu mmoja umepinda vibaya.

"Ni yeye! Enda karibu!"

"Mwisho ni hapa, Elena."

"Kama yeye natoka damu? Enda!"

Watu wawili wenye bunduki wakajitokeza mitini, wakatazama juu. Mmoja akalenga.

"Usisogeze!" Kamisi alifoka, huku akipiga kelele kwenye simu. "Ni yetu! Ni yetu, musipige!"

Elena akairukia rimoti. Kioo kikayumba, maji ya kijito yakasogea. Jovia akamsukuma kwa bega hadi chini, akaivuta droni nyuma. Bunduki bado ilikuwa juu. Kisha yule mwingine, simu sikioni, akamgusa mwenzake mkono, na mtutu ukashuka.

"Kushoto yenu," Kamisi aliwaelekeza kwa simu, akitazama kioo. "Kwa matope. Mzee, shati nyeupe."

Askari mmoja wa ng'ambo alimbeba mzee mgongoni hadi kwenye daraja la mpakani. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika, naye aliuliza tu kama mbuzi wamekula.

Njiani kwenda hospitali ya Koboko Elena alimshikilia baba yake mguu. Walipoketi kwenye kibaraza, wakisubiri mzee afungwe plasta, Elena akamkazia macho Jovia.

"Ulisukuma mimi."

"Ndiyo."

"Hata sasa mimi iko na hasira na wewe."

"Najua."

Elena alijifuta matope kwenye kiwiko, akabaki akiutazama mlango. Kisha, bila kumgeukia, akauliza, "Na kama wale walipiga baba?"

Jovia akashtukia analia, na Elena akasogea karibu, bado amenuna.