Tela la Ratili Mia Mbili na Tisini

"Wanachama wote wa Tawi la Mto Willow la Chama cha Waendesha Pikipiki za Magurudumu Matatu wanatangaziwa ya kwamba, kuanzia mkutano wa Aprili, birika la kahawa isiyo na kafeini litafungwa utepe wa rangi ya chungwa badala ya ule wa kijani, kufuatia malalamiko. Wanakumbushwa vilevile kwamba yeyote atakayekokota tela katika safari ya Juni awasilishe cheti cha uzito kwa Ofisa Mizani."

Aliyeandika tangazo hilo ndiye Ofisa Mizani mwenyewe, Verlyn Tostrud, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, ambaye kwa miaka thelathini na minne alikuwa amepima malori kwenye ghala la nafaka la mji wao, kusini mwa Minnesota. Mtu akipima mahindi ya jirani zake kwa muda huo, huishiwa na imani katika mambo mawili: neno la jirani, na takwimu yoyote iliyochapishwa na mwenye kuuza. Verlyn alikuwa amesoma historia za dola nyingi zilizoanguka, akaridhika, bila ushahidi wa kutosha, kwamba zote zilianza kuoza kwenye mizani. Kanuni ya cheti aliitunga yeye, miaka minane iliyopita, na chama kiliipitisha kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Ilisema: mzigo wowote uliopita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa pikipiki hautasafiri na msafara.

Pikipiki zenyewe si bajaji. Ni zile kubwa za barabara kuu, zilizoongezwa gurudumu la pili kwa nyuma, ambazo mtu hununua siku magoti yake yanapokataa kushikilia ile ya magurudumu mawili kwenye taa nyekundu. Yao Verlyn aliiendesha akiwa mbele, na mkewe Ardis alikaa nyuma, kwenye kiti kilichoinuka kama cha hakimu. Majira thelathini na moja ya joto walikuwa wamesafiri hivyo, na usiku wakalala kwenye hema, chini. Mwaka uliopita, baada ya Ardis kuwekewa nyonga ya chuma, ilibidi watu wawili wasiowajua watoke hema la jirani ili wamnyanyue asubuhi. Mmoja wao alikuwa bado na mswaki mdomoni.

"Verlyn," Ardis alisema walipofika nyumbani, kabla hata hajavua kofia, "mimi chini silali tena. Nitafutie kitanda kilichoinuka. Dada yangu Inez anatimiza tisini mwezi wa Juni, msafara unapita kwake Montana, na dada ninaye mmoja tu. La sivyo Montana naenda na rafiki yangu Lorna, kwenye gari lake, na wewe utatufuata na hema lako."

"Kitanda kinahitaji tela, mke wangu."

"Basi tafuta tela. Watu wanaoa kwa muda mfupi kuliko unaotumia wewe kununua kitu."

Verlyn alichukua miezi sita. Hakuwa na shaka juu ya kilichokuwa hatarini: kiti kile cha nyuma kikiwa kitupu maili mia tisa, na yeye akizungumza na kioo cha pembeni. Lakini hofu, kwa mtu wa tabia yake, haizai haraka, huzaa jedwali. Alichora jedwali lenye matela ishirini na matatu, na kwa kila moja safu ya uzito uliotangazwa, uzito halisi, na uzito unaoegemea kiungo cha nyuma cha pikipiki, ambao ndio huingia kwenye hesabu pamoja na waendeshaji na mizigo yao. Safu ya uzito halisi aliijaza mwenyewe, kwa mizani ya bafuni aliyoibeba chini ya kwapa kutoka duka hadi duka, akaisukuma chini ya mkono wa kila tela mbele ya wauzaji waliokuwa wakimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa mwingine.

Tela la kwanza lilikuwa na umbo la yai, na lingeweza kulaza mtu mmoja na nusu. La pili lilikuwa jepesi kwa sababu mlango wake ulikuwa tundu. Ardis aliingia kwa kichwa, na sauti yake ikatoka ndani: "Nimeingia. Kutoka, mnipe mpaka wiki ijayo." La tano lilikuwa zuri, lakini lilizidi tangazo lake kwa ratili kumi na nne, yaani kilo sita na ushei, na Verlyn akalikataa kwa maneno yaliyomfanya Ardis amtake amwombe radhi muuzaji. Kuanzia hapo alianza kupunguza mizigo ili kuliandalia tela nafasi. Aliuza sufuria ya chuma. Alikata mipini ya miswaki yote miwili.

"Baba, umekata mswaki wangu?" aliuliza Ardis.

"Robo aunsi kila mmoja."

"Na mimi nishike nini? Meno?"

Mwishoni mwa Machi walifika kwenye yadi ya Corliss Amdahl, mwanamke mwenye mikono ya fundi na subira ya mjane. Tela lake lilikuwa sanduku la bati laini, la ratili mia mbili na tisini. Kifuniko chake kilifunguka kama kitabu, turubai likasimama juu yake lenyewe, na kifuniko kikawa kitanda, kimo cha goti. Verlyn alipiga magoti na mizani yake.

"Tangazo linasema thelathini na sita kwenye kiungo," alisema.

"Na mizani yako inasemaje, mzee?"

"Thelathini na sita."

"Pole sana," alisema Corliss. "Najua ulikuwa na matumaini."

Verlyn alipoinuka ili kuuliza juu ya magurudumu, Ardis hakuwapo. Walimkuta ndani ya turubai, amelala chali na viatu vyake, mikono kifuani, akikoroma taratibu. Walimwacha robo saa. Alipoamka alikaa, akateremsha miguu, akasimama bila kushikwa na mtu, akakigusa kitanda kwa ncha ya kidole.

"Si kibaya sana," alisema, na Corliss akaenda kutafuta karatasi za mauzo.

Kilichobaki kilikuwa cheti. Ofisa Mizani hangeweza kujiandikia chake mwenyewe kwa mizani ya bafuni. Alikuwa ameifikiria hila hiyo miaka minane iliyopita na kuifungia mlango, akidhani inawahusu wengine. Jumamosi ya kwanza ya Aprili wakavaa mavazi yote ya safari, wakafunga mizigo yote, wakaenda kwenye ghala la nafaka. Mpimaji wa siku hizi alikuwa Merle Pribyl, mwanachama mwenzao, ambaye Verlyn alikuwa amemzuia kwenye safari ya kwanza ya kanuni hiyo kwa sababu ya friji ndogo ya bia iliyozidisha mzigo wake kwa ratili ishirini.

Merle alitokeza kichwa dirishani. "Heshima yako, Ofisa! Umeniletea mahindi?"

"Tufanye kazi, Merle."

"Tena leo nina hamu nayo. Pikipiki tupu nimeshaipima wiki iliyopita: elfu moja mia mbili na arobaini. Sasa pandeni nyote wawili. Magurudumu ya tela yabaki nje ya bamba la mizani. Mama Ardis, upo sawa huko juu?"

"Mimi nipo sawa. Mwulize dereva, ndiye aliyeacha kupumua."

Mizani ya malori huhesabu kwa ishirini ishirini, na haijui kubembeleza. Merle alitazama namba, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena, yote hayo polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

"Elfu moja mia saba na themanini," alisema. "Kwa hiyo mzigo ni mia tano na arobaini. Kitabu cha pikipiki kinaruhusu ngapi?"

"Mia nne na themanini," alisema Verlyn, ambaye namba hiyo aliijua kuliko siku ya ndoa yake.

"Sitini juu. Yangu ilikuwa ngapi vile, mwaka ule?"

"Ishirini."

"Ishirini! Mkuki kwa nguruwe, bwana Ofisa. Ngoja nikugongee muhuri."

Verlyn alirudi nyumbani na jedwali lake, akatafuta kosa kuanzia mstari wa kwanza. Tela lilikuwa sahihi. Ardis alikuwa sahihi. Miswaki ilikuwa sahihi hadi robo aunsi. Ndipo alipofika kwenye mstari ulioandikwa "Dereva: 212", namba aliyoinakili kutoka kadi ya daktari ya mwaka aliostaafu. Alikwenda bafuni, mahali ambapo mizani ile ilikuwa imeishi miaka yote kabla ya kuanza kutembelea maduka, akapanda juu yake kwa mara ya kwanza tangu kadi ile iandikwe. Ratili mia mbili sabini na moja. Tofauti ilikuwa hamsini na tisa. Ile moja iliyobaki aliihesabu kuwa kosa la mizani ya malori, na hakupata faraja yoyote. Kwa miezi sita alikuwa amezunguka jimbo zima akiyakataa matela ya watu kwa ratili tano na kumi, huku ameyabeba mahindi yote ya ziada mwenyewe, chini ya mkanda.

Mkutano wa Aprili ulifanyika kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Mwenyekiti, LaVonne Kjos, aliyekuwa zamani mkuu wa shule ya msingi, aligonga meza.

"Ofisa Mizani, tusomee vyeti."

"Kipo kimoja," alisema Verlyn. "Ni changu."

"Mama mwenyekiti," alisema Merle, "naomba kisomwe kwa sauti. Changu kilisomwa mara mbili."

Verlyn alikisoma mara mbili. Mtu mmoja akapendekeza kwa nia njema kwamba tela liachwe nyumbani. Verlyn akalazimika kueleza kwamba hata bila tela bado wangezidi kwa ishirini na nne. Mwingine, mwenye nia njema kidogo zaidi, akauliza hesabu ingekuwaje bila abiria.

"Bila abiria na mavazi yake," alisema Verlyn, "tuko chini ya kiwango kwa mia moja na ishirini."

Hesabu hiyo alikuwa ameifanya usiku mzima bila kuikamilisha kwa maneno. Tela alilomnunulia Ardis lilikuwa halali kukokotwa popote Marekani, almradi Ardis asiwepo.

"Kwa hiyo kitanda kiende," alisema Ardis kutoka safu ya pili, "mwenye kitanda abaki kwa Lorna."

Verlyn alisimama. Hakuwa msemaji wa hadhara, na alijua kwamba kanuni aliyoiandika haikuacha ufa wa kupitisha hata wembe.

"Kosa si la tela, na si la mke wangu," alisema. "Kwenye jedwali nilijiandika mia mbili kumi na mbili. Mimi ni mia mbili sabini na moja. Nilipima miswaki. Mimi mwenyewe sikujipima. Msafara mkitaka uende bila mimi, sitapinga, nimeiandika mimi kanuni. Ila msimtoe yeye ili namba yangu ipendeze. Bila yeye huko nyuma sina haja na tela, wala na Montana."

Mweka hazina, aliyekuwa na kipande cha tatu cha keki mkononi, alikirudisha kwenye sahani.

"Mbona mimi nilijua," alisema Ardis. "Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma yake. Kila mtu ananiuliza habari za milima. Mimi nimeona mgongo tu, na kila mwaka unaongezeka." Alingoja watu wamalize kucheka. "Sasa nisikilizeni. Kwa Lorna siendi. Lorna anasikiliza mahubiri ya redio toka hapa mpaka Dakota. Peke yetu wawili, na nyonga hii, barabara ile siiwezi, nataka msafara. Nataka kiti changu mchana na kitanda changu usiku. Na huyu atakula supu."

"Zimebaki wiki ngapi?" aliuliza LaVonne.

"Nane," alisema Verlyn. Ratili saba na nusu kwa wiki: kasi ambayo alikuwa ameisoma tu katika historia za miji iliyozingirwa.

"Hatafika," alisema Merle, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na furaha. "Yule mzee ananitia huruma, lakini hatafika. Mimi friji niliitoa nje. Yeye atajitoa nje vipi?"

LaVonne aliwaita jikoni wanakamati watatu, Merle akiwa mmoja wao. Walirejea baada ya dakika kumi, naye akamwamuru Verlyn, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu, aandike neno kwa neno:

"Kamati imeazimia kwa kauli moja, Bw. Pribyl akipinga, kwamba tela la Bw. na Bi. Tostrud liko ndani ya kiwango, kwamba Bi. Tostrud yuko ndani ya kiwango, kwamba mizigo yao iko ndani ya kiwango, na kwamba Bw. Tostrud, akipimwa peke yake, yuko ndani ya kiwango. Wote wameruhusiwa kusafiri. Kuhusu jumla ya hao waliotajwa, kwa kuwa jumla hiyo haijawasilisha ombi la kujiunga na safari ya Juni, kamati itaijadili katika mkutano wa Oktoba."