Tao la Kulikaribisha Basi

Siku basi lilipokuja kujaribiwa mtaani kwetu, niliamka nimeshachangamka. Nilifagia sebule, nikaifagia tena, kisha nikatoka nje nikafagia ujia ambao kwa haki ni wa jengo zima. Mume wangu akaniambia nitaichubua sakafu ya jiji kabla haijazeeka. Nikaendelea kufagia. Mtu aliyeishi miaka kumi kwenye chumba kimoja na cherehani, jiko na mume anayenuka chuma kilichoungua, akipewa vyumba viwili na dirisha linalofunguka, ana haki ya kufagia mpaka achoke.

Majengo yetu yalijengwa na jiji kwa ajili ya watu wa kipato chetu: mafundi, walinzi, wasaidizi wa hospitali, wauza mboga. Mwaka mzima tulisema ni porojo za wakubwa, kisha siku moja tukakabidhiwa funguo. Wala hawakuishia kwenye nyumba. Walituletea njia pana ya kutembelea kwa miguu, taa, miti michanga iliyofungiwa vijiti isianguke, na njia ya baiskeli iliyopakwa rangi ya kijani, ambayo mwanzoni kuku waliipenda kuliko wenye baiskeli. Kilichobaki kilikuwa basi.

Lilikuwa basi la umeme. Waliokwisha kuliona mjini walisema halingurumi hata kidogo, linakutokea nyuma kama mtu anayenyemelea sufuria, na mtaani likaitwa Nyatanyata kabla hata halijafika. Mhandisi wa barabara, mama mmoja mwembamba mwenye kofia ya plastiki na sauti ya mwalimu wa hesabu, alikuwa ametueleza mambo waziwazi. Basi lingetoka sokoni na abiria wake, liingie mtaani, lipite mbele ya majengo, ligeuze mwishoni na kutoka. Likiweza, tunapata kituo mlangoni. Likishindwa, kituo kinabaki barabara kuu, na sisi tunaendelea kupanda kile kilima kwa miguu.

Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la urahisi tu. Kwangu mimi lilikuwa jambo la mama yangu.

Mama anauza vifungo, zipu na nyuzi sokoni, na anaishi peke yake bondeni, ng'ambo ya mtaro mkubwa, kwenye chumba ambacho ukuta wake mmoja umeinama kana kwamba unataka kumnong'oneza jambo. Kila msimu wa mvua maji huingia yakafika miguu ya kitanda. Kila msimu namwambia ahame, aje akae nami, na kila msimu ananijibu kwamba hajazaa ili alelewe. Nilipopata nyumba mpya nilidhani sasa hana pa kukimbilia. Alikuja mara moja, akapanda kile kilima akisimama kila baada ya hatua chache, akaitazama nyumba yote, akaisifia jikoni, akanywa maji, akasema: "Mwanangu, nyumba ni nzuri. Lakini mimi nina genge langu na nina magoti haya. Siku basi litakaponishusha mlangoni kwako, siku hiyo nitahama." Na mama yangu akishakata kauli, hata mvua haimbembelezi.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Nilimtumia ujumbe jana yake: njoo uone basi likijaribiwa. Akajibu: nitakuja kuangalia tu.

Sasa nije kwa mume wangu. Mtaani wanamwita Cheche, na jina hilo hakulipata bure. Ni fundi wa kuchomelea, mwenye mikono ya dhahabu na kichwa cha mawe. Katika maisha yake hajawahi kufunga kitu kwa nati. "Nati ni woga," husema. "Mtu anayetia nati anajua moyoni kwamba ipo siku atabadili nia." Kamati ya majengo ilipoamua basi lipokelewe kwa heshima, mgeni njoo mwenyeji apone, yeye ndiye aliyejitolea kutengeneza tao la chuma pale mtaa unapoanzia. Mwezi mzima sikuwa na mume. Alikuja kula akiwa na chaki sikioni, akaota matao, akaamka akachora maua ya alizeti kwenye magunia. Lilipokamilika, nikiri tu, lilikuwa zuri hata mimi nilinyamaza. Nguzo mbili nene zilizozamishwa kwenye zege, maua ya bati yakipanda juu, na katikati neno KARIBU, kila herufi kubwa kuliko mtoto wa shule ya chekechea. Vyote vimechomelewa, hakuna nati hata moja. Kuhusu urefu, alikuwa amekwenda stendi na ufito wake, akalipima basi kubwa kuliko yote aliyoyakuta, akaongeza shubiri na zaidi. Fundi wangu si mjinga.

Watu walijaa pande zote mbili. Kinyozi wetu alifunga kibanda chake na kuja na mteja aliyenyolewa nusu. Mhandisi alisimama na saa mkononi. Mimi nilikuwa nanyoosha shingo kumtafuta mama miongoni mwa watu, na simuoni, na moyo unanidunda kwa furaha na wasiwasi, siwezi kusema kipi kilizidi.

"Lile!" mtu akapaza sauti.

Likatokea chini ya kilima, jeupe, linang'aa, bila mlio wowote. Tulipiga vigelegele kama wendawazimu. Likapanda taratibu, likakata kona bila kugusa ukingo, na mhandisi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Likakaribia tao. Kisha dereva akafunga breki, na kimya cha basi kikatuingia sisi sote.

Juu ya paa la Nyatanyata kulikuwa na sanduku kubwa lililolala urefu wa basi zima. Lilikuwa limesimama mkono mmoja tu kutoka kwenye herufi K, na haikuhitaji fundi kuona kwamba halipiti.

"Betri," mhandisi akasema. "Mabasi ya umeme betri zake ziko juu. Nani ameweka hiki kitu hapa?"

Mtaa mzima, wale wale waliokuwa wakimsifu Cheche dakika hiyo hiyo, ukamgeukia na kumnyooshea kidole. Alikuwa amepima basi la dizeli.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," kinyozi akasema.

"Basi haliinami," dereva akajibu kutoka dirishani, bila haraka.

"Toa upepo magurudumu kidogo, lishuke."

"Hili ni basi la jiji, kaka, si mpira wa watoto."

Mhandisi akaamuru abiria washuke, wamalizie kwa miguu, basi lirudi. Mlango ukafunguka wakaanza kuteremka, mmoja wao akinung'unika kwamba mguu wa kigoda umemchoma mbavuni tangu sokoni. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeona, kupitia kioo cha mbele, kilemba ninachokijua. Mama yangu alikuwa amekaa kiti cha kwanza kabisa, pochi mapajani, ametulia kama mtu aliye kanisani au msikitini, na hashuki.

Nikapanda ngazi ya basi. "Mama! Umekuja na basi lenyewe! Shuka basi, tumefika."

"Hapa ni mlangoni kwako?"

"Mlango ule pale, si unauona?"

"Macho yanauona. Magoti hayauoni."

"Ni hatua chache tu, mama."

"Leo ni chache. Siku ya mvua, na furushi la vifungo kichwani, utakuja uniambie ni chache?" Akaliweka sawa pochi lake. "Nilisema mlangoni. Kama hapafikiki, dereva atanirudisha sokoni, sina ugomvi na mtu."

Nikamgeukia mhandisi. Nilimwomba watuvumilie, kesho tutakuwa tumeshaondoa tao. Akaniangalia kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonitia baridi. Basi lilikuwa moja tu la majaribio, kesho linakwenda mtaa mwingine, na zamu ingeturudia baada ya mvua.

Baada ya mvua! Nikauona ule ukuta. Nikayaona maji kwenye miguu ya kitanda, na mama amekaa juu yake amekunja magoti yake mabovu, ananiambia kwenye simu kwamba hakuna tatizo, mwanangu, ni unyevu tu. Hasira zikanipanda mpaka masikioni. Nikashuka kwenye lile basi nikamwendea mume wangu.

"Kata," nikamwambia.

Alikuwa ameshika nguzo ya tao kama anayemshika mgonjwa. Katibu wa kamati, mtu mpole, akauliza, "Si ulegeze nati tu, fundi? Tutalirudisha baadaye." Watu wote wakacheka, hata aliyenyolewa nusu. Cheche hakucheka.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "mwezi mzima nimelala na tao hili kichwani."

"Nilijua kuna mwenzangu. Sasa mpe talaka."

Yeye alikuwa anatazama juu ya bega langu, kwenye kioo cha basi. Mkwewe naye alikuwa anamtazama. Mama akainua mkono polepole, na nilidhani anamsalimia. Hapana. Alikutanisha vidole viwili akavitenganisha, akavikutanisha tena, kama mkasi.

Mume wangu akashusha pumzi ndefu. "Leteni waya," akasema. "Na grinda yangu ya kukatia chuma. Na watu wenye mabega."

Hapo ndipo mtaa wetu ulipochemka. Mhandisi akasema atatupa nafasi mpaka dereva amalize chai yake, na mimi sikumpa mtu mwingine kazi hiyo ya chai. Nikakimbia nyumbani, nikachomoa cherehani ukutani, nikachomeka waya wa umeme mahali pake, nikaurusha dirishani, kinyozi akaudaka akaunganisha na waya wake, na huku chini nikamiminia dereva kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Mungu ambariki yule baba. Aliinywa ile chai kama mtu anayekunywa dawa chungu, tone kwa tone, akisimama katikati kusifia hali ya hewa. Kila alipokaribia kuonyesha kitako cha kikombe, nilikuwa nimeshafika na birika. Mhandisi aliona. Akageuka akaanza kuikagua njia ya baiskeli kwa makini sana.

Basi lilikuwa limesharudishwa nyuma. Cheche akapanda ngazi, akavaa miwani yake, na cheche zikaruka mpaka watoto wakapiga kelele za raha. Wanaume wakasimama chini na kamba, wengine juu ya meza zilizotolewa majumbani. Kilipokatika chuma cha kwanza nilimwona akifumba macho. Cha pili alikikata amefumbua. Kisha KARIBU nzima ikashuka, polepole, "shika, shika, usiachie!", ikatua juu ya mabega ya watu wanane, wakaibeba pembeni kwa heshima kama bibi harusi, huku maua ya alizeti yakitetemeka.

Dereva akaweka kikombe chini. "Chai ilikuwa nzuri," akasema. "Lakini sukari imezidi."

Nyatanyata likapita katikati ya zile nguzo mbili, likapita kwenye miti michanga, likapita kibanda cha kinyozi. Tulilikimbilia pembeni, wakubwa kwa wadogo, mimi nimeshika birika tupu sijui kwa nini. Likageuza mwishoni kwa mzunguko mmoja tu, likarudi, na likasimama mbele ya mlango wetu, pua na mdomo na ngazi yetu. Mhandisi akainua kidole gumba juu. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mume wangu alikuwa ameinama, mikono magotini, uso umejaa vumbi la chuma, anacheka peke yake.

Mlango wa basi ukafunguka na mama akashuka. Akaweka mguu mmoja chini, akaweka wa pili. Akapima kwa macho umbali wa ngazi na mlango.

Mkononi alikuwa na pochi tu.

Furaha yote ikanishuka. Nitakuja kuangalia tu, ndivyo alivyosema, na ameangalia. Sasa atasema nyumba ni nzuri, atakunywa maji, atarudi kwenye ule ukuta, na mimi nitaanza kumbembeleza upya huku mvua inanyesha. Nikajikaza nisilie mbele za watu.

"Karibu, mama," nikasema.

"Ahsante." Akanipita, akamtazama Cheche tangu utosini mpaka viatuni. "Mkwe, pole kwa kazi. Kapumzike kidogo, halafu uje na hao wenzako wenye mabega. Mlango wa nyuma."

"Mlango wa nyuma una nini, mama?"

Dereva alikuwa ameshaufungua. Kulikuwa na kitanda kilichovunjwa mbao mbao. Kulikuwa na masanduku ya vifungo, kigoda, masufuria yaliyofungwa kwenye shuka, picha ya marehemu baba kwenye fremu yake, na godoro lililokunjwa likakandamizwa kwenye viti vya mwisho mpaka kwenye dari.

"Si ulisema unakuja kuangalia tu?" nikauliza.

"Nimeangalia," mama akasema. "Usisimame hapo kama mlingoti. Weka hilo birika chini, ushike upande wa godoro."

Nikashika. Nilifurahi kwamba godoro lilikuwa kubwa, kwa sababu nililia nyuma yake mpaka ndani, na hakuna aliyeniona.