Nani Amempa Paka Dawa?

Paka wa kijivu alikuwa amejilaza kwenye ngazi, udenda unamtoka, macho yamelegea kama ya mlevi. Bi Nezihe akainama, akamnusa mdomo. Dagaa! Yeye asubuhi alimpa maini, na ndani ya maini nusu kidonge cha kikohozi. Sasa dagaa wametoka wapi?

Tangu afiwe na mume akahamia mtaa huu wa Istanbul, hakuwa na wa kumwambia umeamkaje ila paka huyu, Duman. Akifa, atabaki kusemezana na birika la chai. Akamfunga kwenye mtandio, akaifuata harufu mpaka chini, kwa Haşmet fundi viatu, ambaye siku zote alipishana naye kimya.

"Mwanangu, wewe ndiye unayemlisha paka wangu?"

"Paka wako? Shangazi, huyo ni Paşa wangu! Dume la kazi."

"Dume! Una macho wewe? Huyu jike. Umempa nini?"

"Dagaa tu… na nusu kidonge. Alikuwa anakohoa, nikamhurumia."

Bi Nezihe akamkumbatia paka kwa nguvu. "Na mimi nimempa nusu."

Wakakimbia kwa Pelin, daktari wa wanyama pale kona, Haşmet na aproni yake, Bi Nezihe na ndara. Pelin akamtazama paka, akawatazama wao, akashika kichwa.

"Wiki hii dawa hii nimewauzia watu kibao. Kila mmoja ananiambia, 'Paka wangu wa kijivu anakohoa.' Nikadhani kikohozi kimeingia mtaani, kumbe paka ni huyu huyu! Haya, nijue amemeza kiasi gani, nijue nimtibu vipi. Haraka!"

Mgonjwa haulizwi uji, na huyu kweli hakuulizwa.

Bi Nezihe hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata mkate alinunua kwa kuonyesha kidole. Lakini alitoka, akasimama katikati ya njia, akavuta pumzi:

"Jamani! Nani amempa paka wa kijivu dawa?"

Madirisha yakafunguka. Mwanamke mmoja akatoa vibanio vya nguo mdomoni ili ajibu. Kinyozi akatoka na wembe, mteja nyuma yake na povu kidevuni.

"Mimi, nusu!"

"Mimi kizima, kwenye jibini."

"Kizima, mama? Ulitaka kumzika?"

"Na wewe uliyemnywesha dawa ya maji ya mwanao, nikuitaje?"

Wakazozana, wakacheka, wakahesabu kwa vidole. Bi Nezihe akarudi mbio na hesabu, na nusu ya mtaa nyuma yake.

Pelin akamchoma paka sindano, akamtundikia maji. Wakangoja, hakuna aliyethubutu hata kukohoa, mpaka mkia ukacheza.

"Atapona," Pelin akasema. "Ila kuanzia sasa anayempa dawa ni mmoja tu."

"Ni shangazi," kinyozi akasema. "Si ndiye aliyemnusa?"

Jioni mlango wa Bi Nezihe ukagongwa, ukagongwa tena. Kila aliyeingia alisema amekuja kumjulia hali mgonjwa, kisha akaketi. Vikombe vikaisha, ikabidi kinyozi arudi kwake kuleta vyake.