Kilio cha Kushikilia Nafasi

Fundi wa sauti kwenye filamu isiyo na mfadhili hufanya kazi ya watu kumi. Nelima alisafisha maneno ya waigizaji, akatengeneza nyayo kwa viatu kuukuu na karai la changarawe, akaita mvua na kuifukuza. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo mjini Kitale, kuta zimefunikwa magodoro na hewa nzito. Humo ndimo alimojifungia na filamu ya Wahome, mwana wa walowezi wa Kachibora, aliyeacha kazi ya ualimu ili atengeneze filamu yake ya kwanza.

Filamu yenyewe ilimhusu mama anayeletewa maiti ya mwanawe. Linet, mwigizaji mkuu, alilia vizuri siku ya kupiga picha, ila kinu cha kusagia mahindi cha jirani kilinguruma kuliko yeye. Ikabidi aje kurudia kilio chumbani kwa Nelima, lakini Linet alikuwa safarini. Basi Nelima akafanya wanavyofanya mafundi wote: akaweka sauti nyingine ya kushikilia nafasi. Angeweza kuweka chochote. Akaweka kilio cha mamake mzazi.

Alikuwa nacho. Mwaka uliotangulia kakake, Mukhisa, aligongwa na lori pale Kamukuywa akiwa kwenye pikipiki. Siku ya mazishi, nyumbani Bungoma, Nelima aliwasha kinasa sauti ahifadhi hotuba za wazee. Gari la mochari likafika getini kabla ya wakati, na mamake, Phelista, akatoa sauti ambayo Nelima hakujua kuwa mtu anayo. Haikuwa na maneno. Ilipanda tu, ikapanda, mpaka akina mama wa kijiji kizima wakaiitikia wakitoka mashambani mbio.

Wahome akaja kusikiliza kazi kila siku, na kila siku akakisikia kilio kile. Mazoea yana taabu. Linet aliporudi alilia mpaka macho yakavimba, na Wahome akatikisa kichwa.

"Hapana, bana. Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa inanishika hapa," akasema, akijigonga kifua.

"Ile ya kwanza ni mamangu," Nelima akasema. "Ni siku tulizika Mukhisa. Niliweka tu tukingojea Linet."

Wahome, kwa sababu kuna watu ambao hata aibu huwapita mbali, akauliza, "Si basi umwambie akuje atulilie mwenyewe hapa?"

"Kwetu mtu halii hivyo kama hakuna maiti. Ni kuita kifo. Na hiyo ya Mukhisa si ya watu kusikiza wakikula njugu."

"Sawa. Weka ya Linet." Akampa mkono.

Ungedhani yameisha. Nelima naye alidhani hivyo, maskini, maana kujua sauti za watu si kuwajua watu. Aliweka kilio cha Linet, akabadilisha na mvua pia, kwani ile ya kwanza ilisikika kama mchele unaomwagwa kwenye bati, akaweka mvua nzito aliyoirekodi kule Saboti. Lakini nakala ya zamani hakuifuta kwenye diski aliyompa Wahome. Kusema kweli, kilio cha mamake ndicho kilichokuwa kitu bora katika filamu nzima, na ndani yake kulikuwa na kiburi kidogo cha kukimiliki.

Filamu ikapangiwa kuonyeshwa Bungoma, Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa. Mamake akapiga simu.

"Nelima, mimi nitakuja. Nimeambia akina mama wote wa kanisa. Jina lako litaonekana pale mbele, si ndiyo?"

"Litaonekana, Mama."

Akaja amevaa kitenge kipya, akaketi safu ya pili na jirani yake Nabwile, akigeuka kila mara kuwaonyesha watu bintiye aliyesimama nyuma kwenye mtambo wa sauti. Tangu mazishi hakuwa amefurahi hivyo, na Nelima akaona fahari. Wahome akachomeka diski ya filamu, taa zikazimwa.

Mambo yakaenda vizuri hadi mvua iliponyesha. Mchele ukamwagika kwenye bati.

Nelima akamgeukia Wahome aliyekuwa kando yake.

"Umeleta gani?"

"Ile ya zamani," Wahome akanong'ona. "Ya Linet haina uhai, Nelima. Kuna wageni wametoka mbali kuona hii kitu."

"Mama yuko hapa. Yule pale."

"Hatajua. Watu walilia wengi siku hiyo. Ati nani anajua sauti yake mwenyewe?"

Gari la maiti lilikuwa limeshaonekana kwenye pazia jeupe la kuonyeshea filamu, likipanda kilima taratibu. Nelima akaweka mkono kwenye kitufe cha kushusha sauti. Akikishusha, ataua filamu mbele ya wageni, filamu iliyobeba jina lake na ambayo mamake ameleta kanisa zima waione. Asipokishusha, mamake atasikia. Angeweza kukimbia akamtoe nje, lakini gari lilikuwa limefika getini, na Linet, kwenye pazia, alikuwa akifungua kinywa.

Kilio kikajaa ukumbini. Nabwile, aliyekuwa akitafuna kitu, akaacha. Safu ya tatu mwanamke mmoja akainuka nusu, kama anayeitwa, kwa maana sikio la mama wa Bungoma halidanganyiki: hiki kilikuwa cha kweli. Phelista hakusogea. Shingo yake ilisimama wima na kitenge chake kipya kikaanza kutetemeka mabegani.

Nelima akashusha sauti yote.

Kimya. Linet akabaki amepanua mdomo bila kutoa kitu. Wahome akamshika Nelima mkono, "Unafanya nini?", na kabla hajajibiwa kilio kikaendelea. Kiliendelea palepale kilipokatikia, kwa kimo kilekile, kikapanda kilipokuwa kimenyimwa kupanda, na kilipofika juu kikapata jina kinywani mwa Phelista: "Mukhisa! Mukhisa wangu!" Akina mama wakainuka, mmoja hapa, mwingine pale, wakaitikia kama siku ile. Hakuna aliyetazama filamu tena.

Nelima akapita katikati ya viti akapiga magoti mbele ya mamake, akamshika mikono. Ilikuwa baridi.

"Mama, pole. Mama."

Phelista akavuta pumzi. Macho yalikuwa makavu, mekundu.

"Hiyo sauti ilikuwa yangu," akasema. "Nilimpatia Mukhisa asindikizwe nayo. Nani amemkatia hiyo sauti njiani?"

Nyuma yao Wahome alikuwa akihangaika na vitufe. Ingekuwa rahisi kumnyooshea kidole, na isingekuwa uongo kamili.

"Ni mimi, Mama."

Phelista akaitoa mikono yake, mmoja baada ya mwingine, akajiegemeza begani kwa Nabwile akainuka, na akina mama wakamzunguka wakatoka naye nje kwenye jua.