Vilivyoibuka Kwenye Sangria

Jumamosi hiyo ya Novemba 2002, kufikia saa nne asubuhi, Truphosa alikuwa ameshawaogesha wazee wanne kati ya sita, amempa dawa yule wa chumba cha tatu ambaye hutema kila kidonge mara mbili kabla ya kukimeza, na sasa alisimama jikoni akikata matofaa. Nyumba hiyo ya kutunzia wazee ilikuwa Carrollton, Texas, na ilikuwa mali ya Immaculate, mdogo wa mama yake, nesi aliyeingia Marekani mwaka 1991 na ambaye kila mtu alimwita Auntie, hata waliomzidi umri.

Kila Novemba, majani yanapoanza kupukutika, Auntie aliwaalika watu wa nyumbani, wengi wao manesi, wale kuku na chapati na kunywa sangria ya divai nyeupe. Aliijulia hospitalini, kwa wazungu aliofanya nao kazi. Mbele ya watu wa kanisa iliitwa juice. Onyancha, ambaye ni shemasi, hunywa glasi nne za juice hiyo kisha humpa mkewe funguo za gari.

Truphosa alikuwa nesi katika hospitali ya wilaya kabla ya kuja, na mikono yake haikusahau kazi. Ijumaa alifunga mdalasini, karafuu, iliki na tangawizi ndani ya kipande cha shashi, vile angefunga kidonda, akavichemsha na sukari na maji mpaka jikoni kukanukia chai ya Krismasi. Kifurushi alikitoa mapema, maana karafuu ikikaa sana huleta uchungu. Sharubati ilipopoa aliimimina kwenye bakuli kubwa la kioo pamoja na chupa tano za divai na brandi kidogo, akaiweka kwenye friji. Matunda yalingoja Jumamosi, yasije yakalegea.

Lakini mawazo yake hayakuwa kwenye matunda. Chuo kimoja cha Dallas kilikuwa kimempa nafasi ya kuanza masomo ya unesi Januari, na Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka pasipoti yake. Pasipoti hiyo ilikuwa kwa Auntie. Aliichukua uwanja wa ndege Februari, siku Truphosa alipotua, akasema anaiweka isije ikapotea, na kwamba atamshughulikia abadilishiwe karatasi za mgeni ziwe za mwanafunzi. Tangu siku hiyo Truphosa alikuwa akilipwa chakula, kitanda na ahadi. Alipoiomba mara ya kwanza aliambiwa iko kwa wakili Houston. Mara ya pili iko benki. Mara ya tatu Auntie alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Wewe uko mwezi wa tisa, na badala ya jembe unaniuliza passport?"

Wageni walifika saa tisa alasiri, wakavua viatu mlangoni. Onyancha aliomba kwa urefu, akawataja wagonjwa wote wa Texas ya kaskazini, na chapati zikapoa. Kisha Auntie akaanza kuteka sangria kwa upawa.

Wa kwanza kupewa alikuwa Naserian, nesi wa wodi ya watoto. Alikunywa mafunda mawili, akahisi kitu kinagonga meno, akaingiza vidole akatoa kifuniko cha sufuria. Kilikuwa kipana kuliko glasi lakini kilipita bila shida. Alikikung'uta, akakiweka juu ya karatasi ya kupangusia mikono.

"Hiyo ni yangu," alisema Pelagia, aliyeketi karibu naye. "Ile harusi ya Arlington."

"Woi, pole. Nilikuwa nimesahau ku-return."

"Tangu ninety-six, Naserian! Miaka sita nafunika wali na sahani."

Watu walicheka sana. Naserian alisimama akakabidhi kifuniko kwa mikono miwili, Pelagia akakipokea kwa mikono miwili, wakakumbatiana, na mtu mmoja akapiga picha.

Basi ikaeleweka kwamba mwaka huu sangria inamtolea kila mnywaji kitu cha mwenzake alichokikalia. Hakuna aliyeweka glasi chini, kwa sababu ilikuwa tamu. Pelagia peke yake ndiye aliyekumbuka ghafla kwamba anatumia dawa za presha, akaomba soda.

Kwenye glasi ya Onyancha iliibuka barua ya ndege, bahasha yenye mistari myekundu na ya buluu, kavu kabisa. Alipewa Nairobi mwaka 1998 na mama mmoja ampelekee mwanawe huku Mesquite.

"Huyo kijana alihama," Onyancha alieleza. "Sai ako DeSoto."

"DeSoto si hapa tu? Na mama yake?" Pelagia aliuliza.

"Mama alifariki mwaka wa elfu mbili. Tulimchangia, si unakumbuka?"

Pelagia alikumbuka. Onyancha aliitia barua mfuko wa ndani wa koti, akasema ataipeleka wiki moja hivi, akanyoosha glasi aongezewe.

Truphosa alikuwa amesimama na sinia la chapati. Aliona kwamba Auntie hajanywa bado. Alitaka anywe. Tangu afike Marekani hakuwahi kutaka kitu kwa nguvu namna ile, hata kwenda nyumbani.

Auntie hakuwa mwoga. Alijitekea glasi yake, akaijaza matunda, akanywa nusu akiwatazama wageni wake. Pasipoti ilipanda polepole, buluu iliyokoza, ikasimama wima kati ya kipande cha chungwa na kipande cha pea.

"Ya nani hiyo?" Naserian aliuliza.

"Ni yangu," Truphosa alisema. Aliweka sinia chini. "Auntie, naomba unipe. Tuesday ndiyo deadline ya chuo."

Wageni waliinua shingo waone. Auntie aliitoa, akaipangusa kwa aproni, akaifungua. Ndani kulikuwa na ile kadi nyeupe ya uhamiaji iliyobanwa kwa stepla, na Truphosa akaisoma akiwa amesimama hapo hapo: aliruhusiwa kukaa mpaka tarehe 14 Agosti. Hakukuwa na karatasi nyingine. Hakuna wakili aliyekuwa ameombwa chochote.

"Uliniambia uli-apply," Truphosa alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na aliichukia kwa udogo wake.

"Niliambia watu wengi mambo mengi mwaka huu. Nilikuwa na wazee sita na mfanyakazi mmoja." Auntie aliwageukia wageni, akaionyesha kadi. "Sasa mnaona? Akipeleka hii huko chuo si watamshika? Mtoto wa dada yangu, wamu-deport kama mwizi? Ndiyo maana naikalia."

Wageni waliitazama kadi, ikapita mkono kwa mkono. Naserian, aliyezijua tarehe za aina hiyo vizuri, alisoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa huruma, akampa jirani yake. Onyancha alisema passport ni kitu cha kuwekwa na mtu mzima. Alisema pia kwamba mambo ya familia huzungumzwa na familia, na kwamba kuku ni mtamu. Pelagia alikuwa amekumbatia kifuniko chake.

Pasipoti ilimrudia Auntie. Aliikausha kwa karatasi, ukurasa mmoja mmoja, kwa uangalifu wa nesi wa zamani, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Na wewe mpishi hujaonja," Naserian alimwambia Truphosa. Alimtekea glasi mwenyewe, akamshikisha mkononi. Alikuwa mtu mwenye roho nzuri na alitaka kufanya jambo.

Truphosa alikunywa. Watu walisogea kuona. Alikunywa yote mpaka mwisho, na chini hakukuwa na kitu ila kipande kimoja cha tofaa kilichokatwa vizuri.

"Ona, huna cha mtu," Naserian alisema. "Una bahati, dada."

"Una bahati kabisa," Onyancha alikubali.

Mzee wa chumba cha tatu alikuwa akigonga ukuta. Auntie alimtazama Truphosa, kisha akatazama upande wa korido. Truphosa aliweka glasi kwenye sinki, akavaa glavu, akaenda kumbadilisha nepi.