Mokua na Mashimo Kumi na Mawili

Kwa miaka thelathini Mokua alikuwa na adui mmoja tu: shimo. Sufuria za Nyaramba nzima, mitungi ya maziwa, mifereji ya kukinga mvua, vyote viliingia kibandani kwake vikivuja na kutoka vikiwa vizima. Akina mama walisema kitu kilichozibwa na Mokua hakivuji tena mpaka mwenyewe afe. Alilipenda neno hilo kuliko chai.

Ndipo Orwa, muuza vipuri vya pikipiki aliyezaliwa kisiwani huko ziwani, akamletea mashua juu ya pikapu. Mashua, milimani! Soko zima liliacha ndizi likaja kutazama. "Nuhu wetu amepatikana," watu walisema, na Mokua akawajibu kwamba mvua ikija asisikie mtu akibisha mlango.

Shida ilikuwa sakafu. Mbao zilikuwa zimeoza, na mwaka jana mguu wa Bonareri, mke wa Orwa, ulitoboa ubao wakiwa katikati ya ziwa. Maji hayakumfika hata gotini, lakini aliapa hapandi tena. Bonareri ni mtoto wa Manga, huku huku milimani. Maji aliyoyazoea ni ya ndoo. Basi Achola, mama yake Orwa, ambaye miguu haimruhusu tena kutoka kisiwani, alikuwa hajamwona mjukuu wake Lavender, na mtoto alishaota meno sita. "Nitapanda siku sakafu ikiwa ya bati," Bonareri alisema, akidhani siku hiyo haipo.

Mokua alikata bati la alumini, akakunja kingo, akapiga ribiti, akaziba kila ufa. Kisha akalijaribu kama anavyojaribu sufuria: akamwaga ndoo nne za maji juu yake. Hata tone halikupenya. Akasimama kando, mikono kiunoni, akimngoja mwenye mali.

Orwa alipofika alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, hii ni sakafu tu. Mashua yenyewe iko chini yake, na ni nzima. Sasa maji ikiruka ndani itaenda wapi? Lazima ishuke huko chini, niichote na kopo. Toboa."

"Nitoboe?"

"Mashimo kumi na mbili. Na kifuniko kidogo huku nyuma, cha kuchotea."

"Nitoboe mashua?"

Alishika drili kama mtu anayetumwa kuchinja kuku aliyemlea mwenyewe. Alikuwa kwenye shimo la saba aliposikia ukelele nyuma yake.

"Obee! Tata Mokua, mzee wangu, unataka kutuua?"

Alikuwa Bonareri, Lavender mgongoni. Mokua alijaribu kueleza, na kila alivyoeleza ndivyo alivyoharibu. Mwishowe Bonareri akamkata kauli.

"Sawa. Kama hiyo mashimo ni mzuri, utapanda na sisi. Wewe kwanza. Usipopanda, mimi pia sipandi."

Soko lote lilisikia. Mokua hakuwahi kukanyaga maji yanayozidi kifundo cha mguu. Lakini alimwazia yule mama kisiwani, anayehesabu meno asiyoyaona. "Nitapanda," akasema, akaishika drili amalizie mashimo.

Jumapili, huko ufuoni, wote walivaa jaketi za kuokolea. Mokua aliingia kwanza, akavua viatu, akashika kingo kwa mikono miwili na kuanza wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Bonareri akafuata na mtoto, macho ameyafumba.

Katikati ya safari wimbi likaruka ndani. Maji yalitambaa juu ya alumini, yakatafuta mashimo, yakashuka. Orwa akainua kifuniko, akachota. Bonareri alifumbua jicho moja, kisha la pili. Sakafu ilikuwa kavu inang'aa, isipokuwa kidimbwi kimoja miguuni pa fundi.

Akaangalia vizuri. Mokua alikuwa ameziba shimo kwa kidole gumba cha mguu, kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka.

"Tata," Bonareri akasema polepole. "Toa kidole."

"Siwezi."

"Toa, Tata. Acha maji ipite." Alikuwa anacheka sasa, na mkono wake ulikuwa umeshika wa mzee.

Mokua alifumba macho, akainua kidole. Alisikia maji yakishuka. Alipofumbua, kisiwa kilikuwa karibu, na Achola, na miguu yake ile ile isiyomruhusu, alikuwa ameingia ziwani mpaka magotini, akimwita Lavender.