Ujumbe Ndio Unaofika

Mama aliegemea mito mitatu, barakoa ya oksijeni ameishushia kidevuni. "Haya, daktari wa seli," alisema. "Nieleze kabla muuguzi hajarudi kunifunga mdomo."

Kwa miaka sita nilisomea vipokezi vilivyo juu ya seli, na kwa miaka sita mama, fundi cherehani, aliniuliza ninafanya nini huko maabara. Nilimjibu lilelile: "Mambo magumu, mama." Sasa pumu ilikuwa imemlaza wodini, na hakutaka habari nyingine.

Nikavuta kiti. Nikamwambia kwamba dawa anayoivuta haiingii ndani ya seli za msuli unaobana njia ya hewa. Inaishia nje, kwenye kipokezi kilichopenya utando wa seli kama uzi uliopita kwenye kitambaa mara saba. Dawa ikikishika, kipokezi kinajipinda. Kwa ndani protini iitwayo G inazinduka, inagawanyika, na kipande chake kimoja kinakimbia kupeleka habari. Msuli unalegea, pumzi inapita.

"Kumbe dawa yenyewe haifiki."

"Haifiki. Ujumbe ndio unaofika."

Alilainisha shuka kwa kiganja, kama anayepima pindo. "Mbona siku hizi haufiki?"

Sura nzima ya tasnifu yangu ilihusu jambo hilohilo: kipokezi kikiguswa kupita kiasi, seli hukivuta ndani, kikawa hakisikii tena.

"Unavuta mara ngapi kwa siku, mama?"

"Nikibanwa."

"Mara ngapi?"

Aligeukia dirisha. "Kumi. Kumi na tano, kukiwa na sare za shule za kushona."

Seli za maabara nilizijulia hali kila asubuhi. Yeye, sikuwahi kumuuliza. Nadhani aliliona hilo usoni mwangu, maana alinishika mkono.

"Usijitese. Na mimi nilikuficha. Ulikuwa na mitihani."

Daktari alimbadilishia dawa, akamwongezea ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, na nafuu ikaja polepole. Tulipata miaka mitatu mingine. Siku niliyotetea tasnifu alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni alilojishonea, na kila nilipotaja protini G aliitikia kwa kichwa, kama anayesikia habari za jirani yake. Kisha asubuhi moja kiharusi kikamchukua. Pumu haikuhusika hata kidogo.

Mwaka jana jarida lilipoikubali makala yangu, vidole vilibonyeza namba ya mama kabla sijakumbuka. Simu ikaita. Akapokea mwanamke nisiyemjua, aliyekwishapewa namba hiyo, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazi.

"Nani mwenzangu?"

Nikamwomba radhi, nikasema nimekosea namba.

"Haidhuru, mwanangu."

Hakukata. Nami sikukata. Nyuma yake kulikuwa na bomba la maji lililoachwa wazi. Tukalisikiliza kidogo, sote wawili.